Mzabibu wa Ernesto Umeshika

Sur

Kabla sijauona mlango nilisikia nazi inakunwa. Mimi na Lucia tulikuwa tumezunguka Sur tangu asubuhi, kichochoro hadi kichochoro, tukimwonyesha picha moja kila aliyekubali kusimama. Watu waliitazama, wakatikisa kichwa, wakatukaribisha kahawa. Kisha, nyuma ya ukuta mweupe usiokuwa na alama yoyote, nikaisikia sauti ile: meno ya mbuzi yakikwangua nazi, kwa pumzi fupi fupi, mkunaji akisita kila baada ya mara tatu kukigeuza kifuu. Nyumbani Vuga sauti hiyo hainishughulishi. Pale nilisimama kama niliyeitwa kwa jina.

"Hodi," nikasema, kwa lugha yetu.

Mkuno ukanyamaza. "Hodi nani?"

Nyinyi mnaoniuliza kila tukikutana kusomeana kazi zetu kwamba nilikwenda Omani kufanya nini na Mtaliano, jibu ni picha ile. Mnajua niliwahi kukaa miaka mitatu mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki, na Kitaliano changu nilikiokota kwa wageni. Lucia alikuwa mgeni wa mwisho niliyemwandika kabla sijaacha kazi. Jioni moja alinitolea picha: mwanamke wa makamo amesimama kando ya kijiti chenye majani mawili. Nyuma imeandikwa kwa wino wa buluu, "Mzabibu wa Ernesto umeshika. Thuweiba, Sur." Ernesto alikuwa baba yake. Katikati ya miaka ya tisini alifanya kazi na wachimbaji wa mambo ya kale kusini ya Sur, akichora vigae vya vyungu. Alifariki mwaka mmoja kabla ya Lucia kuja Unguja.

Kwao, katika vilima vya kaskazini ya mji wa Verona, shamba la familia lilikuwa na safu moja ya mizabibu ya kale, aina isiyo na jina. Waliiita "ya bibi" tu. Iliingia maradhi, na kaka yake Lucia akaing'oa yote akapanda mingine. Baba alikuwa kitandani, hakuambiwa. Ikiwa mche wa safu ile ulikuwa ungali hai popote duniani, ulikuwa kwa mwanamke wa kwenye picha. Lucia alitaka kijiti kimoja, kirefu kama mkono, akirudishe kilimani. Hakutaka kingine.

Mwenye nazi alijiita Bi Zamzam. Sikuruhusiwa kumuuliza kitu mpaka nimetaja ukoo wangu hadi babu wa tatu, na mpaka yeye amekumbuka kuwa shangazi wa babu huyo alikuwa na deni la kanzu kwa mama yake. Ndipo akaichukua picha, akaiweka mbali na macho.

"Thuweiba huyu. Alikuwa na uso wa kushiba, tazama. Kahama, mwanangu. Mumewe alipokufa bintiye kaja kumchukua, yuko Ibra."

"Na mzabibu, bibi?"

Akatupeleka nyumba ya pili, ambayo haikuwa na mtu. Uani kulikuwa na kisiki cheusi, kimekauka kama mfupa. Maji ya kisima yalikuwa yameingia chumvi. Mindimu imekufa, mkomamanga umekufa. Lucia akapiga magoti, akavunja kipande cha gome, akakinusa.

"Mwambie asilie," Bi Zamzam akanambia. "Thuweiba hakuondoka mikono mitupu. Alikata vijiti vitatu, akavifunga kitambaa cha maji, akavipakata njia nzima. Mwanawe alitaka apakate televisheni."

Tukala kwake wali wa nazi ile ile iliyotufikisha, na samaki wa kukaanga. Alipotutoa mlangoni alimshika Lucia shavu, akamwambia kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba utaratibu ni tafsiri, "Baba yako alikuwa mtu mpole."

Sur hadi Ibra, na maji ya wadi

Dereva wetu aliitwa Hilali. Alizaliwa Tabora, akaja Omani na wazazi wake akiwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha mkato na vicheko. Nilipomweleza tulivyoipata nyumba alipiga usukani. "Nyinyi watu wa visiwani, dada, mkipotea jangwani mtatafutana kwa nazi."

Tulidhani tutafika Ibra kabla ya magharibi. Lakini mvua ilikuwa imenyesha milimani, na karibu na njia panda ya Wadi Bani Khalid maji ya wadi, bonde kavu la siku zote, yalikuwa yamekata barabara, ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba makuti na mlango wa banda la mtu. Nguzo yenye alama nyekundu na nyeupe ilionyesha kina. Magari yalijipanga pande mbili, watu wakashuka, wakatandika mikeka. Hapakuwa na aliyekasirika ila mimi.

Mzee mmoja wa Kibedui alitupitia na birika la kahawa na sahani ya tende ngumu, za rangi ya udongo. Alimweleza Hilali kwa Kiarabu, Hilali akanipa mimi, nami nikampa Lucia: tende hizi huchumwa zingali njano, zikachemshwa katika masufuria makubwa, kisha zikaanikwa juani mpaka zikunjamane. Lucia aliitafuna moja kwa muda mrefu.

"Kama darini kwetu," akasema. Na pale, tukingoja maji yapungue, akanisimulia habari ya divai ya baba yake. Naandika sasa juu ya kinywaji ambacho sijakionja wala sitakionja. Nakijua kwa maneno yake tu, na maneno yake yalikuwa mazuri.

Zabibu zao, alisema, huchumwa vuli lakini hazikamuliwi. Hupandishwa darini, zikalazwa juu ya vichanja vya mianzi, kichala mbali na kichala, madirisha yakaachwa wazi upepo upite. Hukaa hivyo miezi mitatu na zaidi. Kila siku mtu hupanda kuzitazama, akaondoa iliyooza isiambukize nyingine. Maji huondoka, utamu hubaki. Hukamuliwa katikati ya baridi, zikiwa nusu ya uzito wake. Zamani divai ya zabibu hizo ilikuwa tamu, ya sikukuu na ya wagonjwa. Wanasimulia kwamba pipa moja lilisahauliwa ghalani. Lilipofunguliwa, utamu wote ulikuwa umejila wenyewe, umebaki uchungu. Mwenye pipa alitaka kuimwaga. Akaonja. Hakuimwaga. Kutoka hapo wakaiita kwa huo uchungu wake: Amarone.

"Rangi yake?" nikauliza.

"Ya komamanga lililopitiliza. Ukinusa, tende hii hii. Ukimeza, cheri kavu. Na mwisho kabisa, baada ya kudhani imekwisha, uchungu wa lozi. Baba alikuwa akisema huo mwisho ndio divai yenyewe, mengine ni adabu ya mlangoni. Mizabibu mipya ya kaka yangu haitoi ule mwisho."

Hilali alitaka kujua tunazungumza nini muda wote huo. Nikamwambia, bila kuficha.

"Kwa hiyo sisi hapa tunatafuta mti wa pombe," akasema.

"Tunatafuta mti wa baba yake."

"Dada, mimi si shekhe. Lakini huyo bibi ukimwambia kama ulivyoniambia mimi, tutarudi na kahawa tumboni, basi." Alisema kwa mzaha, akaenda kutazama nguzo. Mimi niliichukua kama nasaha.

Maji yalipungua alfajiri. Tulikuwa tumelala garini, miguu imevimba.

Ibra, siku ya Jumatano

Kuchelewa kule kulitufikisha Ibra siku ya soko la wanawake, na huko ndiko aliko Zuhura kila Jumatano, bintiye Bi Thuweiba, nyuma ya rundo la vitambaa na vichupa vya udi. Wanaume hawaingii soko lile siku hiyo. Hilali alibaki nje akijifanya anakagua tairi.

Zuhura alizaliwa Omani. Kiswahili chake kilikuwa cha kusikia, si cha kusema, na kila alipokwama aliingia Kiarabu akatoka upande wa pili. Nilipomwuliza habari ya mzabibu alipunga mkono.

"Mti ile ilikatwa. Mume wangu anataka garaji."

"Mama hakulia?"

"Mama halii. Mama alichukua fimbo zake za mti, akasema khalas, basi, mimi nakwenda Manah kwa Khalfan." Kisha akamtazama Lucia toka kichwani mpaka viatuni. "Huyu kaolewa?"

"Bado."

"Na anatafuta nyumba ya ndugu yangu Khalfan."

"Anatafuta mzabibu."

"Eeh," akasema Zuhura. Hakuamini hata kidogo. Mwanamke asiye na mume havuki bahari kwa ajili ya mti. Akaacha mzigo wake kwa jirani, akatuchukua kwake, na kwa saa tatu alituandalia mkate mwembamba kama karatasi wenye samli na asali, mayai, halwa, kahawa, huku akimhoji Lucia kupitia kwangu: anajua kupika, ana miaka mingapi, anaweza kuishi na mke mwenzake. Sehemu kubwa ya maswali hayo sikuyatafsiri. Nilijibu mwenyewe, ya kumridhisha yeye, ya kumficha Lucia. Niliona ni busara. Nilicheka hata. Sasa nikikumbuka naona kwamba pale mezani ulimi wangu ulikuwa ukijifunza kazi.

Nilipomsadikisha kwamba Khalfan yu salama, Zuhura alitutolea bakuli la zabibu kavu. "Za mama. Kila mwaka analeta. Anaanika kama mzungu yule alimwonyesha."

Lucia alizitia mbili mdomoni, akafumba macho. Hakuzifumbua mpaka nilipomgusa bega.

Nizwa na Manah

Nizwa tuliipita tukiwa na haraka. Manah iko mbele kidogo, mashamba na mitende, na mji wake wa zamani wa udongo umesimama pembeni bila watu. Nyumba ya Khalfan ni mpya, ya saruji, lakini uani Bi Thuweiba alikuwa amejenga kichanja cha mabomba ya chuma, na juu yake umetambaa mzabibu. Ilikuwa Januari, majani yameanguka, matawi makavu ya rangi ya mdalasini yamening'inia kila upande. Shina lilikuwa nene kama paja la mtoto. Mche wa tatu wa mkono ule ule, katika nyumba ya tatu.

Yeye mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo kuliko kwenye picha, amejitanda leso ya rangi mbili, macho makali. Nikampa shikamoo, akaniitikia, akanisikiliza mpaka mwisho. Jina la Ernesto lilipotajwa aliweka mkono kifuani. Niliposema amekufa, akamvuta Lucia akamkalisha karibu yake, goti kwa goti.

"Mwambie baba yake alikuwa akila kwangu. Marehemu mume wangu alikuwa mtunza stoo wa wachimbaji. Siku moja Ernesto kaja na kijiti ndani ya kiatu chake cha buti, kimefungwa kitambaa cha maji. Kutoka kwao huko mpaka Sur, ndani ya kiatu. Nkamuuliza, hizi zabibu zenu za kula? Hana Kiswahili, hana Kiarabu cha maana. Katandaza mikono hivi." Akaitandaza mikono yake miwili juu ya mkeka, polepole, kama anayelaza kitoto. "Za kuanika. Kanionyesha na dari, kanionyesha na upepo. Nami nnazianika mpaka leo kama alivyotaka."

Nikayafasiri yote hayo neno kwa neno. Lucia akaeleza alichokijia: safu iliyong'olewa, baba asiyeambiwa, kijiti kimoja. Bi Thuweiba alisikiliza akitikisa kichwa.

"Ndiyo wakati wake. Kesho asubuhi n'napogoa. Nitampa vitatu, kimoja kinaweza kufa." Kisha, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Na kwao, zikishakauka, wanazifanya nini?"

Lucia alikuwa akinitazama, anangoja tafsiri. Sikumpa.

"Wanakula, bibi," nikasema. "Wanakula na kupikia."

"Ameuliza nini?" Lucia akaniuliza.

"Kama umechoka na safari."

Huo ndio uongo wangu, na nauandika hapa kwa ukamilifu wake kwa sababu mmekuwa mkinisifu kwa uaminifu wa kalamu. Nilijihesabia kuwa nawahurumia wote wawili: mmoja atapata mti wake, mwingine hatapata dhambi, maana hajui.

Asubuhi ya kupogoa

Tuliamka na harufu ya mkate. Bi Thuweiba alikuwa ameshanoa mkasi wake na kuloanisha vitambaa vitatu. Lucia, kwa furaha, akafungua mkoba, akatoa bahasha. Ilikuwa zawadi ambayo hakunambia, alitaka imshangaze hata mimi.

Ndani yake mlikuwa na karatasi moja nzito, ya kiasi cha kiganja. Ernesto aliichora kabla ya kuugua. Mkeka wa ukili wenye mistari myekundu na kijani, na juu yake vichala vya zabibu vimelazwa, kimoja mbali na kimoja, na pembeni mkono wa mwanamke wenye hina. Chini kuna neno moja limeandikwa kwa herufi ndefu: Amarone.

"Huu mkeka wangu," Bi Thuweiba akasema. "Na huu mkono wangu." Alitabasamu. Aliigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa na gundi iliyokauka. Aliigusa kwa kidole. Akaikunja kidogo, mviringo, kama inavyokaa juu ya kitu cha mviringo.

Mjue alikulia mjini, Unguja ya zamani. Baba yake alikuwa karani wa Wahindi wenye duka la vinywaji vya wazungu huko Shangani. Karatasi ya namna ile aliijua tangu utotoni.

"Hii ya chupa," akasema. Hakuinua sauti. "Rahma, mwanangu. Wanazifanya nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kila kitu, dari, miezi mitatu, pipa lililosahauliwa, uchungu. Muda wote alikuwa ameushika mkasi mapajani.

"Ernesto alinipa nusu," akasema nilipomaliza. "Pengine ndiyo nusu aliyokuwa na maneno yake. Mikono haina neno la ulevi. Wewe una maneno yote, na umenipa uongo mzima."

"Nisamehe, bibi."

"Ngoja. Sasa fasiri, na usipunguze. Muulize: nikimpa, atafanya ulevi?"

Nilimgeukia Lucia. Nilimweleza kwanza nilichofanya jana. Uso wake ulibadilika, akaniangalia kama aliyeona nyufa katika bilauri aliyokuwa akinywea. Kisha nikampa swali. Moyoni nikiomba: sema hapana. Sema utaupanda kaburini, sema utaupanda kibarazani, ule zabibu zake basi. Angeweza. Nani angejua, katika kilima kile?

Lucia aliutazama mkasi mpaka mkate ukaanza kuungua. "Ndiyo," akasema. "Mwambie ndiyo. Ndiyo kazi yetu. Sitamdanganya katika nyumba yake."

Nikafasiri. Bi Thuweiba alimtazama kwa muda.

"Alhamdulillahi. Mmoja kati yenu ana ulimi ulionyooka." Akaweka mkasi chini. "Mwambie siwezi. Mti wangu, nikiutoa huku najua, nimekamua pamoja naye. Na si kwa kumchukia. Mwambie hivyo hivyo."

Nikamwambia. Lucia akaitikia kwa kichwa. Machozi yalimtoka bila sauti, na hakuyafuta.

"Na wewe lisikie lako," Bi Thuweiba akanigeukia. "Ungenambia jana, ningelikuwa na usiku mzima. Ningelisali. Ningelimtuma Khalfan Nizwa akaulize mwenye elimu. Pengine jibu lingelikuwa hili hili. Pengine lisingelikuwa. Sasa nimekasirika, na mwenye hasira hajui kama anamcha Mungu au anamlipiza mtu. Kwa hiyo nakaa upande wa salama. Hilo umemfanyia binti huyu wewe, si mimi."

Hilali alipiga honi mara moja barabarani, kwa adabu.

Bi Thuweiba akainuka, akaingia jikoni, akarudi na kopo la maziwa lililojaa zabibu kavu, mfuniko umefungwa kwa uzi. Nikanyoosha mikono nilipokee, kama mkalimani anavyopokea kila kitu kwanza. Akalipitisha mbele yangu.

"Tangulia nje, mwanangu. Maneno yaliyobaki hayataki wa kuyafasiri."

Nikabusu mkono wake. Aliniachia, lakini vidole vyake havikukunjika juu ya vyangu. Nikatoka, nikasimama kando ya gari. Kutoka uani nikasikia sauti mbili zikisema kwa zamu, moja Kiswahili, moja Kitaliano, bila haraka, kila moja ikingoja nyingine imalize.

Lucia alitoka amelikumbatia kopo. Vile vitambaa vitatu vya maji nilikwishaviona vimeanikwa kambani, vitupu. Alisimama kizingitini, akafungua uzi, akaweka zabibu moja mdomoni, akaitafuna polepole huku akitazama ardhi, na nikajua alikuwa akiungoja ule mwisho wa lozi.

"Upo?" nikamuuliza.

"Upo," akasema. Akashuka ngazi, na nyuma yake mlango ukafungwa.